Diski nne za TB 8, lakini df bado inasema 11T

Swali

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye studio ya video za harusi, Morogoro. Seva yetu iliwekwa mwaka 2017 ikiwa na Ubuntu 16.04 na diski nne za TB 4 kwenye RAID 5 ya mdadm (programu ya Linux inayounganisha diski kuwa safu moja). Juu yake kuna LVM inayogawa nafasi, juu ya LVM kuna ext4, yaani mfumo wa mafaili. Ubuntu yenyewe iko kwenye SSD yake na siku hizi ni 20.04. Mwaka jana diski moja ilikufa. Dukani hawakuwa na TB 4, nikachukua TB 8. Nilinakili mpangilio wa patisheni kutoka diski nzima kwa `sgdisk -R`, nikaiingiza kwenye safu, ikajengwa upya bila shida. Ujazo haukuongezeka, nikaambiwa lazima zote nne ziwe kubwa. Sasa zote ni TB 8, nimezibadilisha moja moja, na mdstat (ripoti ya hali ya safu) inaonyesha [UUUU], yaani zote nne ziko kazini. Lakini `df -h`, amri ya kuonyesha nafasi, inang'ang'ania 11T na imejaa asilimia 96. Nimetoa amri ya `mdadm --grow --size=max`, ukubwa haukusogea. Bosi anasubiri TB 24 aliyolipia. Je, nivunje safu niiunde upya? Halafu hiyo 11T yenyewe ilitoka wapi, wakati 4 mara 3 ni 12?

Jibu

Marahaba, fundi. Safu usiivunje. Hakuna kilichoharibika, na nafasi mliyoilipia ipo, imelala kwenye nusu ya pili ya kila diski ambako hakuna anayeiona. Kilichoificha umekitaja mwenyewe: ile `sgdisk -R`. Ulichukua mpangilio wa diski ya TB 4 ukaubandika kwenye diski ya TB 8, kwa hiyo diski mpya ikapata patisheni ya TB 4 na uwanja mtupu wa TB 4 nyuma yake. Kila ulipobadilisha diski ukafanya hivyo hivyo. mdadm haina habari na diski. Ilichokabidhiwa ni sda1, sdb1, sdc1 na sdd1, na zote hizo bado ni TB 4. Ulipoiambia `--size=max` ilitii: ilipima patisheni, ikakuta inazitumia zote tayari, na bila shaka ikakujibu hivi:

`mdadm: component size of /dev/md0 unchanged at 3906886144K`

Jibu hilo ni sahihi. Swali ndilo lililoulizwa ngazi ya juu mno.

Kwenye seva yako kuna ngazi kadhaa zilizopandana: diski, patisheni, md (safu yenyewe), LVM yenye PV (nafasi iliyopokea kutoka md) na LV (voliumu iliyokatwa humo) ndani yake, kisha ext4. Kila moja ilipimwa siku ilipoundwa ikaandika namba yake, na tangu hapo haichungulii tena chini kuona kama kumepanuka. Lazima uende ukaiambie, ngazi kwa ngazi, kuanzia chini. Mafundi wengi huanzia juu. Wanakumbuka `resize2fs`, amri ya kupanua ext4, wanaiendesha, inawajibu "Nothing to do!", basi wanaanza kushuku diski, kebo, hata muuzaji. Na wapo wanaokata tamaa na kuunda safu upya kwa kosa la patisheni, jambo ambalo wewe ulikaribia kulifanya.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, pima kila ngazi, na pima kwa baiti. Usipime kwa T wala G, nitakueleza sababu punde.

`lsblk -b -o NAME,SIZE,TYPE`
`mdadm --detail /dev/md0`
`pvs --units b`
`lvs --units b`
`df -B1`

Kwenye `lsblk` utaona diski nzima ni 8001563222016. Chini yake, patisheni itasoma 4000785964544 au karibu na hapo. Hapo ndipo mnyororo unapokatika, na ukishapaona huhitaji kubahatisha tena. Kwenye `mdadm --detail` angalia mistari miwili: Used Dev Size, yaani kiasi ambacho md inachukua kwenye kila patisheni, na Array Size, yaani jumla inayotolewa kwa LVM. Ya kwanza ukiizidisha mara tatu unapata ya pili, kwa kuwa kwenye RAID 5 ya diski nne, nafasi ya diski moja inaliwa na pariti, yaani hesabu inayowezesha kurudisha data diski moja ikifa.

Sasa hesabu ya 11T. Watengenezaji wa diski huhesabu kwa elfu: TB 1 ni baiti 1000000000000. `df -h` huhesabu kwa 1024, na T yake moja ni baiti 1099511627776. TB 12 zako ukizigawanya kwa namba hiyo unapata 10.9. ext4 nayo hujikatia kipande kwa ajili ya meza za inodi (rekodi za mafaili), halafu `df -h` ina tabia ya kukweza desimali kwenda juu, ndiyo ikaandika 11T. Hakuna kilichoibiwa. Ukitaka hesabu ya dukani tumia `df -H`, kwa herufi kubwa. Na tafadhali mwambie bosi mapema: kazi ikikamilika, `df -h` itaandika 22T, si 24. Ukimwambia baada ya kazi, itaonekana unajitetea.

Kuhusu ile diski ya kwanza ambayo haikuongeza kitu: RAID 5 hupanga data kwa mistari inayokata diski zote. Kila mstari unachukua kipande kutoka kila diski, na kipande kimoja kati ya hivyo ni pariti. Diski ndogo kuliko zote ikiisha, mstari mpya hauwezi kuandikwa kwa sababu utakosa kipande kimoja, hata kama zilizobaki zina uwanja mkubwa. Aliyekuambia usubiri zote nne alikuwa sahihi. Utakutana na mtu atakayekubishia kwamba Synology yake (kasha la diski la mtandaoni) iliongezeka baada ya kubadilisha diski mbili tu, na pengine hasemi uongo. SHR, aina ya RAID ya Synology yenyewe, hukata kila diski vipande, ikaunda RAID 5 kwenye sehemu zinazolingana na RAID 1 kwenye ziada ya zile mbili kubwa, kisha ikaziunganisha kwa LVM. Wewe huna hicho. Una md moja iliyonyooka.

Kabla ya kazi kuna bekapu, na hapa nitakaa kidogo, maana barua yako haijaitaja kabisa. Kupanua patisheni ni kuandika upya jedwali la diski iliyo kazini. Kosa la tarakimu moja kwenye sekta ya mwanzo, likirudiwa kwenye diski mbili, linatosha kuipoteza safu nzima. Na usijidanganye kwamba diski tatu za zamani ulizozitoa zikiwa nzima ni bekapu. Kila moja ilitoka kwa wakati wake, na kila ilipotoka moja, zilizobaki ziliendelea kuandikwa. md huweka hesabu ya matukio kwenye kila diski. Zako tatu zitakuwa na hesabu tatu tofauti, na data ndani yake haziendani. Safu ya diski nne inataka tatu za wakati mmoja. Wewe una moja moja za nyakati tatu.

Ila kama diski za kawaida zina thamani kubwa. Tatu za TB 4 ni TB 12, karibu sawa na kila kitu mlicho nacho. Zifutie kwenye kompyuta nyingine kwa `wipefs -a` (patisheni kwanza, kisha diski yenyewe), wala usizichomeke kwanza kwenye seva hiyo. Zimebeba kitambulisho kile kile cha safu, na Ubuntu hupenda kuzikusanya yenyewe ikizikuta. Utazua fujo usiyoihitaji. Zikishakuwa tupu, iundie kila moja patisheni mpya, kisha ziumbe ext4 moja moja, bila RAID:

`mkfs.ext4 -m 0 -T largefile /dev/sdX1`

Hiyo `-m 0` haitengi akiba ya root, na `largefile` hupunguza meza za inodi, kwa kuwa mafaili ya video ni makubwa na si mengi. Nakili kazi za wateja ambazo hazijakabidhiwa kwanza, halafu za mwaka huu, halafu zilizobaki kadiri zitakavyoingia. Zisipoenea zote, anayeamua kipi kinaachwa ni bosi, na akiamue kwa maandishi.

Seva nayo iwe kwenye UPS inayofanya kazi kweli, si ile ambayo betri yake ilikufa na sasa ni soketi ya kuunganishia tu. Pitia `smartctl -a` kwa kila diski, uangalie Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Zote mbili ziwe sifuri kwa diski mpya. Power_On_Hours pia itazame: diski iliyouzwa kama mpya na ina maelfu ya saa, ulishauziwa mtumba. Kisha ikague safu:

`echo check > /sys/block/md0/md/sync_action`

Iache imalize. Kama kuna sekta isiyosomeka, ni heri uijue leo kuliko katikati ya kazi.

Sasa angalia mstari wa Version kwenye `mdadm --detail`. Safu ya 2017 iliyoundwa bila maelekezo maalumu itakuwa 1.2, na hiyo ndiyo unayoitaka, kwa sababu supabloku yake (maelezo ya safu ambayo md huandika kwenye kila patisheni) inakaa mwanzoni mwa patisheni. Ukisukuma mwisho, mwanzo haujaguswa. Ukikuta 1.0 au 0.90, simama. Hizo huweka supabloku mwishoni, na ukisogeza mwisho kisha mashine ikazima kabla md haijahamisha supabloku yake, ikiwaka haitaikuta pale inapoitafuta. Kwa hizo njia salama ni nyingine: toa diski moja, iundie patisheni kubwa, irudishe, isubiri ijengwe upya, ndipo ushike nyingine. Ni ndefu, ila haina mtego.

Tuseme ni 1.2. Andika sekta ya mwanzo ya kila patisheni kwenye karatasi:

`cat /sys/block/sda/sda1/start`

Mara nyingi ni 2048. Fungua `parted /dev/sda`, andika `unit s`, kisha `print`. Inaweza kulalamika kwamba GPT (jedwali la patisheni) haitumii nafasi yote ya diski na kukuuliza Fix au Ignore. Jibu Fix. GPT huweka nakala ya jedwali lake mwishoni mwa diski, na jedwali lililotoka kwenye diski ndogo linaweza kuwa bado linadhani mwisho ni pale pa zamani. Kisha:

`resizepart 1 15627800000s`

Ningeweza kukuandikia 100%, na ingefanya kazi. Diski za TB 8 zenye sekta za baiti 512 kwa kawaida zina sekta 15628053168, kwa hiyo namba niliyokupa inaacha uwanja wa MB 130 hivi mwishoni. Ni kwa makusudi, nitarudi kwenye sababu. `parted` itakuonya kwamba patisheni inatumika, kubali. Toka, angalia tena ile namba ya mwanzo. Imebaki ile ile? Nenda sdb. Imebadilika? Usizime mashine na usiendelee: irudishe kwanza. Fanya diski moja kwa wakati, na usiandike skripti ya kuzipitia zote nne kwa mpigo. Najua inavutia.

Zote nne zikiwa tayari, `lsblk -b` ionyeshe patisheni za trilioni 8. Safu kubwa iliyoundwa na mdadm ya miaka hiyo huwa na bitmapu ya ndani (ramani ya sehemu zilizoandikwa karibuni), na bitmapu hiyo ina desturi ya kukataa upanuzi, kwa hiyo iondoe kwanza na uirudishe baadaye:

`mdadm --grow /dev/md0 --bitmap=none`
`mdadm --grow /dev/md0 --size=max`

Safari hii ujumbe utasema "has been set to", na namba itakuwa karibu na 7813000000K. Kama bado inang'ang'ania unchanged, ondoa maunti (yaani tenganisha mfumo wa mafaili na folda yake), LVM izimwe kwa `vgchange -an`, simamisha md, kisha ikusanye upya ukiongeza `--update=devicesize`. Supabloku ya 1.2 huandika ukubwa wa nafasi inayoweza kutumika, na chaguo hilo linailazimisha ipime tena.

Baada ya hapo mdstat itaonyesha resync. Hapa wengi hushtuka wakidhani data yao inahamishwa. Haihamishwi. md inapiga hesabu ya pariti kwenye nusu mpya tu, na safu inaendelea kutumika wakati huo. Kwa kasi ya MB 150 kwa sekunde, TB 4 za kila diski zitachukua saa 7 na ushee. Watu wakiwa wanahariri video juu yake, itachukua zaidi. Anza Ijumaa jioni. Ikimaliza, rudisha bitmapu:

`mdadm --grow /dev/md0 --bitmap=internal`

LVM ni ngazi nyepesi kuliko zote:

`pvresize /dev/md0`
`lvextend -l +100%FREE /dev/kundi/voliumu`

Lakini hiyo ya pili usiitoe bado, na usitumie `lvextend -r` inayopanua mfumo wa mafaili papo hapo. Kuna kizuizi cha pili kinakungoja kwenye ext4, na hiki hukukiona kwa sababu hujawahi kufika huko.

ext4 ya zamani huhesabu bloku zake kwa biti 32. Kwa bloku za KB 4, mwisho wake ni tebibaiti 16, yaani TB 17.6 za dukani. Wewe unataka tebibaiti 21.8. Tangu e2fsprogs 1.43 ya mwaka 2016, `mkfs.ext4` huwasha biti 64 bila kuambiwa, lakini Ubuntu 16.04 ilikuja na 1.42.13. Toleo hilo liliwasha biti 64 pale tu mfumo ulipozidi tebibaiti 16 tangu mwanzo, na wako ulikuwa 10.9. Kupandisha Ubuntu hakubadilishi mfumo wa mafaili ulioundwa zamani. Thibitisha:

`dumpe2fs -h /dev/kundi/voliumu | grep features`

Ukiona neno `64bit` kwenye orodha, umebahatika. Toa `lvextend`, kisha `resize2fs`, vyote vikiwa vimemauntiwa, na umemaliza. Usipoliona, `resize2fs` itakukatalia ikisema "New size too large to be expressed in 32 bits". Haitaharibu kitu, itakataa tu.

Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kuubadilisha: ondoa maunti, ukague, uwashe biti 64, ndipo upanue.

`umount /dev/kundi/voliumu`
`e2fsck -f /dev/kundi/voliumu`
`resize2fs -b /dev/kundi/voliumu`
`lvextend -l +100%FREE /dev/kundi/voliumu`
`resize2fs /dev/kundi/voliumu`

Chaguo la `-b` lilikuja na 1.43, kwa hiyo kwenye 20.04 lipo. Linapanga upya maelezo ya kila kundi la bloku, na wakati huo studio haina seva. Mfumo uliojaa asilimia 96 ukiguswa hivyo bila bekapu ni kamari.

Ya pili ni kuuacha mfumo wa zamani kama ulivyo na kuunda LV mpya kwenye TB 12 zilizopatikana, yenye ext4 au XFS (mfumo mwingine wa mafaili) mpya. Harusi za zamani zinabaki kulipo, kazi mpya zinaanza kwenye folda mpya. Hakuna kusimamisha kazi wala kubadilisha chochote kilichopo. Kwa studio, kusema kweli, ningechagua hii hata kama bekapu ipo. Harusi ya 2018 haihitaji kukaa kwenye voliumu moja na ya mwaka huu, na siku e2fsck itakapotakiwa, utakagua nusu tu. Lakini kama programu zenu za kuhariri zimefungwa kwenye njia moja ya mafaili na bosi hataki kusikia habari za folda mbili, basi ni ya kwanza.

Wakati unasubiri, kuna nafasi ya haraka. ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root. Kwenye TB 12 hiyo ni karibu GB 600, kwenye TB 24 ni TB 1.2, na voliumu ya video haina sababu ya kutengewa kiasi hicho. `tune2fs -m 1` inarudisha sehemu kubwa sasa hivi, bila kuondoa maunti.

Nilisema nitarudi kwenye ule uwanja wa MB 130. Diski zinazoandikwa TB 8 hazina sharti la kulingana hadi sekta ya mwisho. Kuna kanuni ya IDEMA inayowafanya watengenezaji wakubwa wafikie idadi moja, ndiyo maana nimekupa ile 15628053168 bila wasiwasi, lakini kuna kontrola na vikasha vya USB vinavyojimegea sekta chache mwishoni. Ukiwa umejaza hadi ukingoni, siku utakapoleta diski mbadala iliyopungua hata MB 1, mdadm itakuambia "not large enough to join array", na utakuwa umesimama na diski mpya mkononi isiyofaa. Kadi nyingi za RAID hufanya ukataji huu zenyewe, hushusha ukubwa hadi namba ya mviringo kabla ya kuutumia. Kwenye md ni juu yako.

Wasomaji wengine wenye dalili zinazofanana na hii huenda hawana tatizo la patisheni. Diski mpya ikionekana ndogo tangu kwenye `lsblk`, kabla ya patisheni yoyote, angalia njia iliyopita. Vikasha vya zamani vya USB vyenye anwani za biti 32 huhesabu hadi tebibaiti 2 kisha huanza upya sifuri. Diski ya TB 3 huonekana ya GB 801, na ya TB 8 hubaki TB 1.4. Ichomeke moja kwa moja kwenye SATA utaona inarudi. Isiporudi, endesha `hdparm -N`, itakuonyesha kama kuna eneo lililofichwa mwishoni. Jedwali la MBR nalo lina kikomo hicho hicho cha tebibaiti 2, tumia GPT.

Ujazo ukishuka ghafla, kwa mfano kutoka 11T hadi 200G baada ya kubadilisha diski, hiyo si RAID. Safu ikipungukiwa diski moja haipunguzi ujazo hata baiti. Mara nyingi haikumauntiwa baada ya kuwashwa, na unachoona ni SSD ya Ubuntu iliyo chini ya folda ile ile. Zuia watu wasinakili kitu humo, au mafaili yao yatafunikwa utakapomaunti.

Wa ZFS, mfumo wa mafaili wenye RAID yake ndani, mambo yao ni mafupi: diski zote za vdev (kundi la diski) zikishakuwa kubwa, `zpool set autoexpand=on`, kisha `zpool online -e` kwa kila diski. Wenye XFS watumie `xfs_growfs` badala ya `resize2fs`, na wakumbuke kwamba XFS hupanuka ila, tofauti na ext4, haiwezi kurudishwa ndogo.

Jambo moja kuhusu namna ulivyobadilisha zile diski tatu zilizokuwa nzima. Kama ulizitoa kwa `--fail` na `--remove`, basi kila wakati wa kujenga upya safu ilikuwa bila kinga. Diski nyingine ingekufa, yote yangekwenda. Siku nyingine, kama una nafasi ya SATA iliyo wazi, ingiza mpya kwanza kisha:

`mdadm /dev/md0 --add /dev/sde1`
`mdadm /dev/md0 --replace /dev/sda1 --with /dev/sde1`

md inanakili kutoka ile ya zamani kwenda mpya huku safu ikiwa kamili, na ya zamani inatoka kazi ikiisha. Sehemu ikishindwa kusomeka kwenye ya zamani, inaikokotoa kutoka kwa wenzake. Na patisheni ya hiyo sde1, iunde mwenyewe kwa `parted`, kwa ukubwa unaoutaka.